Harufu Aliyoisikia Shangazi Enesi

Tunduma,
Alhamisi, baada ya kazi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo Mama. Naomba barua hii ikukute magoti yamepoa na baridi ya huko milimani Ileje imelegeza kidogo. Je, mahindi yamebeba? Mimi mwilini ni mzima, kichwani ndiko kumevurugika. Sikupiga simu kwa sababu mtandao wa kwetu hukata neno likiwa bado mdomoni, na hili sitaki likatike. Dada Tusekile akusomee polepole, asiruke mahali.

Mama, Jumapili nilikaribia kumuua padri.

Shtuka tu, kisha usikilize. Unamkumbuka Baba Neema, yule mfanyabiashara wa mchele anayeniletea kazi hapa gereji? Alinunua gari upande wa Zambia akataka liruke. Nikamfungia supachaja, mashine ya kuisukumia injini hewa kwa nguvu. Lilipounguruma mara ya kwanza mafundi wenzangu waliacha kazi waje kutazama, na mwanao nikavimba kichwa.

Sasa sikia kosa langu. Petroli kwenye tangi haitulii. Ikipata joto hutoa mvuke, na mvuke huo hupita kwenye mpira mwembamba hadi kopo lenye mkaa ndani, kisha injini huuvuta na kuuchoma. Lakini injini yenye supachaja ukiikanyaga haivuti, inapuliza. Hewa ikawa inarudi nyuma mpaka kwenye tangi. Ilitakiwa valvu, kile kilango cha kuruhusu hewa ipite upande mmoja tu. Sikuwa nayo, na Baba Neema alikuwa na haraka. Nikang'oa kopo, nikaziba upande wa injini, mpira wa tangi nikauacha wazi ukining'inia karibu na tairi la nyuma. "Litapumua lenyewe," nilimwambia. Kweli, likapumua.

Jumamosi alishuka nalo Kamsamba kumchukua shangazi yake, Shangazi Enesi, aje kwenye baraka ya gari. Jumapili asubuhi wakapitia gereji nikaze boliti mbili. Yule mama alishuka amejishika kichwa.

"Mwanangu, gari hili linanuka. Tangu jana kichwa kinanigonga."

Nikacheka. "Mama, hiyo ndiyo harufu ya nguvu. Mtazoea."

Niliinama nikanusa, naapa sikusikia kitu. Miaka tisa pua yangu inalala na petroli na kuamka nayo. Shangazi Enesi akakataa kupanda tena, akaenda kanisani kwa miguu, na kule akawaambia akina mama wasimame mbali na gari kwa sababu linanuka vibaya. Nao wakamcheka, wakamwita mshamba wa bondeni.

Tangi lilikuwa limejazwa hadi shingoni, na misa ilikuwa ndefu, jua linawaka. Tulipotoka padri akaja na maji ya baraka, na kwa kuwa Baba Neema ni mtu wa kujitolea parokiani, akaja na chetezo cha ubani pia. Nilisimama mbele kabisa nimevaa shati jeupe. Mama, nilikitazama kile chetezo chenye makaa mekundu kikizunguka gari nililolifunga kwa mikono yangu, na sikuwaza lolote. Nilikuwa nasubiri kupongezwa!

Alipofika tairi la nyuma nilisikia vuu! Moto ulitoka ardhini, maana mvuke ule ni mzito, hulala chini. Ukapanda kwenye kanzu ya padri. Watu walikimbia, nami nikiwemo. Aliyekimbilia motoni ni Shangazi Enesi. Alimvuta padri mkono, akamwangusha, akamviringisha na kitenge chake hadi moto ukafa. Vijana wakauzima moto wa gari kwa mchanga. Padri ameungua mguu, anaendelea vizuri, Mungu ashukuriwe.

Ungedhani wangemshukuru yule mama. Jioni ile ile nyumbani kwa Baba Neema maneno yakageuka. Alijuaje? Kwa nini alikataa kupanda? Kwa nini aliwaambia watu wasimame mbali? Gari gani huwaka likibarikiwa, kama si mkono wa mtu? Wajomba wakaanza kutaja lambalamba, wale wasaka wachawi, waje wamnyoe. Nami nilikuwa nimekaa pale pale na soda mkononi. Nilikuwa nimekwisha kuuona mpira wangu, ncha imeungua. Nikanyamaza. Nilifikiri gereji, nilifikiri jina langu. Nakuandikia kwa aibu, Mama.

Jumanne nilikwenda tena kutazama gari. Nikamkuta Shangazi Enesi ameketi nje ya ukuta wa Baba Neema, fuko lake miguuni. Wanawake wa nyumba ile walikuwa wamemkataza kugusa sufuria. Aliponiona akasema tu, "Fundi, umeshakula?" Hapo nikavunjika.

Nikawaita wote uani. Nikatia petroli kidogo ndani ya dumu, nikafunga mpira ule ule, nikaliacha juani, kisha nikasogeza kaa la moto kwa ufito mrefu. Moto ukaruka kabla kaa halijaufikia mpira. Nikasema, "Mchawi mnayemtafuta ni mimi. Nilikosa valvu, nikaona haya kusema sina." Mjomba mmoja alinikunja shati. Baba Neema aliingia ndani na hajanisemesha tangu siku hiyo. Wateja wawili wameondoa magari yao gerejini. Ni haki yao.

Shangazi Enesi alichukua fuko lake, akawatazama mmoja mmoja.

"Jumapili asubuhi kusikia harufu kulinifanya mshamba," alisema. "Jioni kukanifanya mchawi. Leo ndiyo nina pua?"

Alipanda gari la jioni kurudi Kamsamba, na aliyembebea fuko ni mimi.

Mama, tangu hapo naiwaza Krismasi iliyopita. Nilikuja nimevaa ovaroli langu, nikaketi mekoni nimempakata mtoto wa Tusekile, nawe ukasema, "Ambakisye, unanuka petroli, ondoka penye moto." Nikasusa. Nikasema mama yangu ananionea kinyaa, nikaondoka alfajiri bila kukuaga. Jana nililishika ovaroli lile nikalinusa weee, sikusikia kitu. Nisamehe, Mama.

Nisalimie Babu, umwambie tumbaku yake ipo. Nisalimie shemeji yangu, mume wa Tusekile, na mama mdogo anayelea kahawa yetu. Mtoto mbusu kwa niaba yangu, mara mbili.

Mwezi ujao nakuja. Unisubiri mlangoni na kanga na maji ya kuoga, usiniruhusu kuvuka kizingiti kabla hujaninusa. Ukisema nanuka, nitaamini.

Ni mimi mwanao mwenye pua iliyokufa,
Ambakisye