Hina ya Mkono wa Kushoto

Mama, shikamoo.

Vitumbua bado navikaanga palepale Msimbazi, na wateja wako bado wananiambia vyangu havijafikia vyako. Nawachekea tu. Ila kuna jambo, na mtu wa kumwambia ni wewe.

Vidole vyangu vimeanza. Asubuhi vinavimba na kukaza, hata upawa wa kumiminia unga siwezi kuushika. Niliogopa, mama. Niliuona mkono wako wa kulia, ulivyojikunja kwa baridi yabisi mpaka ukashindwa kufunga kanga. Shangazi alikuwa anasema umeuchosha: kiharusi kilipoupoozesha wa kushoto, wa kulia ukabeba kazi za mikono miwili. Nawe ukakubali. "Nimeutesa mwenyewe," ulisema hadi mwisho.

Lakini wa kushoto, uliolala tu mapajani, haukupinda hata kidole. Kila Idi ulitaka niupake hina huo peke yake. "Umpambe huyu, hana kazi, ndiye bibi harusi wetu." Siku ya kukuosha niliushika, umenyooka vilevile. Wa kulia ulikataa kunyooka. Nikauosha ukiwa umekunja ngumi.

Juzi nilienda kwa daktari Upanga. Nilipomsimulia mikono yako, akaacha kuandika. Akasema mishipa ya fahamu haipeleki maumivu tu. Kwenye viungo hutoa kemikali zinazozidisha uvimbe na kuamsha seli zinazokula mfupa. Kwenye mkono uliopooza mishipa hiyo hunyamaza, na kwa baadhi ya wagonjwa ugonjwa huuruka mkono huo. Bado wanachunguza, alisema. Lakini si vitumbua vilivyokula mifupa yako.

Unasikia, mama? Hukujitesa. Nilitoka pale nikakaa kwenye kibaraza cha duka la watu, nikalia upya, kwa sababu hukuwepo kusikia.

Ugonjwa wangu ni uleule wako, ila mimi nimewahi, ndivyo alivyosema. Nilidhani nitapumzisha mikono maumivu yaishe, kumbe kupumzika peke yake hakulindi mfupa. Dawa nimeanza, na nakuahidi sitaziacha hata vidole vikipoa.

Pumzika sasa, mama yangu. Idi ikifika nitapaka hina mikono yote miwili. Wa kushoto utakuwa wangu. Wa kulia nitaupaka kwa ajili ya wako, ambao hatukuwahi kuupamba, na haukuwa na kosa lolote.

Mwanao