Paa la Mama Halishuki

Pioneer, Eldoret

Kwa Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nikiwa mzima, ila mgongo unalalamika kwa sababu ya sufuria za hoteli. Goti lako linasemaje na mvua hizi? Na macho, bado unaona kama kuna ukungu? Najua mdogo wangu Protus ndiye anayekusomea, kama kawaida yetu, kwa hivyo namsalimia yeye pia na kumwomba asome polepole, asiruke mahali. Jirani yetu Mama Faith, aliyekuletea barua hii, nimemsomea yote kabla hajaondoka, na nimemwambia akae hapo anywe chai mpaka mwisho. Protus, mwekee kiti.

Mama, uliniambia kwa simu kwamba Protus ameazima ngazi kwa fundi. Ukasema mabati ya nyumba yako yatashushwa kwa muda yapakwe rangi, na kwamba nyasi zitawekwa juu usinyeshewe. Ulifurahi sana, ukasema kijana sasa amekuwa mtu mzima. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa na hasira, na hasira kwa simu inamaliza salio bure. Habari ya hiyo rangi nitaifikia. Kwanza nikueleze yaliyotokea hapa, ndipo utaelewa kwa nini sitaki paa lako liguswe.

Kuna shirika lilikuja Pioneer, likiwa limeungana na serikali, kusaidia familia zisizojiweza. Kila familia ingepewa mtaji wa kuanzisha biashara. Mimi watu hao nilikuwa nimeshawaona, maana mkutano wao waliufanyia kwenye ukumbi wa hoteli yetu, na sisi wa jikoni ndio tuliowahudumia. Walijadili umaskini karibu wiki nzima. Mmoja alirudisha samosa jikoni kwa sababu imepoa. Ukutani walibandika karatasi kubwa iliyoandikwa: maskini ni nani? Sikukaa kusikiliza jibu, lakini kwa yale niliyoyaona baadaye, nadhani walikubaliana kwamba maskini ni mtu asiye na sofa.

Habari ilifika kwenye ploti yetu ya vyumba vya kupanga kabla yao. Watu wakajua wanaoandikisha wataingia nyumba kwa nyumba kuangalia vitu. Jioni hiyo nilirudi kutoka kazini nikakuta chumba changu kimejaa sofa za watu, tivi, mitungi ya gesi, hata friji ya mtu. Mwenye ploti ndiye aliyewafungulia. Nikamtafuta jirani yangu Baba Brayo, yule wa bodaboda, kwa sababu sofa kubwa kuliko zote ilikuwa yake.

"Gaudensia, usikasirike," akaniambia. "Ni ya kesho tu. Wewe uko na payslip, hao hawawezi kukuandika. Sasa room yako ikae bure?"

"Na mimi nitalala wapi?"

"Si ulale kwa sofa. Ziko mob, chagua."

Kesho yake nilikuwa na ofu, siendi kazini, nikakaa mlangoni nione sinema. Watu wazima, wenye afya, walikuwa wameketi chini juu ya magunia. Mama Brayo alikuwa amevaa ile nguo yake ya kupigia deki. Baba Brayo, ambaye juzi tu alikuwa akibeba mahindi kwa pikipiki huko Moi's Bridge, aliwaambia wageni kwamba aliumia na hawezi kazi. Alichechemea mguu wa kulia akiwapokea, na wa kushoto akiwasindikiza. Msichana mmoja wao, aliyeshika tablet, aliandika yote, akamwambia pole.

Sasa mwisho wa ploti kuna mama mzee tunayemwita Shosho. Alitoka upande wa Nyeri zamani, anafulia watu nguo, na analea wajukuu wawili ambao mama yao alifariki. Huyo hana kitu, Mama. Hakuwa na chochote cha kuficha kwangu. Lakini aliposikia wageni wanakuja, alifagia mpaka nje, akatandika vitambaa vyake vya kufuma, akaja kuniomba vikombe na thamosi. Halafu akaangalia zile sofa zilizojaa kwangu.

"Mami, nipatie moja tu," akasema. "Wageni wa serikali siwezi kuwakalisha kwa ndoo."

Nikamsaidia kuburura ile ya Baba Brayo, kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu na mlango. Nilidhani watu waliokaa wiki nzima wakisomea umaskini wanaweza kuujua hata ukiwa umefunikwa kitambaa. Waliingia, wakaketi, wakanywa chai ya maziwa. Kwa nyumba zile zingine zote walisimama mlangoni. Msichana akatazama huku na huku, akabonyeza tablet yake.

"Shosho, wewe uko sawa kabisa," akamwambia. "Wacha tusaidie wenye wako chini kuliko wewe."

Shosho akawashukuru kwa kumtembelea. Nilitamani kulia, nikacheka, na bado sijui ni nani niliyekuwa nikimcheka. Baba Brayo alipata pesa zake, akanunua redio yenye spika za kufika dari. Wiki iliyofuata alimpelekea Shosho vitambaa vya sofa ile ile amfulie. Watu hawa ninawadharau, Mama, walioandikwa na walioandika, na sioni haya kusema.

Usinielewe vibaya. Pesa ya wazee inayoingia kwa simu yako tunashukuru, hata ikichelewa. Basari ya wadi, ile pesa ya karo, imemfikisha Faith mpaka mwisho wa kozi ya ushonaji, na mama yake ameketi hapo mbele yako, atakwambia. Msaada ukimfikia mwenye shida ni kitu kizuri. Ninachodharau ni hii tabia ya kumpanga mtu foleni aigize shida yake, na anayeigiza vizuri ndiye anapewa.

Sasa tufike kwa rangi. Mama, hakuna rangi. Kuna mradi unakuja huko kwenu, na wamesema watasaidia wenye nyumba za nyasi peke yao. Protus alinipigia mwenyewe kunieleza mpango, akicheka, akidhani nitacheka naye. Yeye na mwenyekiti wa kamati ya mradi wamepatana kwamba mabati yako yashushwe, yafichwe kwa mwenyekiti, ukae chini ya nyasi mpaka watu waje wakuandike. Pesa ikitoka watagawana, na wewe utapewa ya sukari. Mwenyekiti ana nyumba ya vigae. Kama mpango ni mzuri hivyo, si aanze kushusha vyake.

Na wageni wakija, wewe ungefanya nini? Ungefanya kama Shosho. Ungetandika vitambaa, ungechinja kuku, halafu ungewaambia ukweli kwamba mabati yako yako kwa rangi. Hao wajanja wawili hata hilo hawakulifikiria.

Protus, umefika hapa, usikohoe-kohoe. Kuna kitu hujui, kwa sababu ulikuwa mtoto wa mgongoni. Nyumba yetu ilikuwa ya nyasi na ilivuja kila mahali. Mama alikuwa akisogeza kitanda kutoka ukuta huu hadi ule, na wewe ulikuwa unapumua kwa sauti kama mlango mbovu. Wamama wa chama chao cha kusaidiana walikuwa wakilima mashamba ya watu, na kwa pesa hiyo wakiezekana nyumba kwa zamu. Zamu ya Mama ilikuwa bado. Walikuja kukuona, wakakusikiliza kifua, na mama wawili waliokuwa mbele yake wakasema zamu zao zingoje. Hakuna aliyetupima. Walibeba mabati kichwani kutoka sokoni wakiimba, nami nilibeba misumari. Hayo mabati yalinunuliwa kwa sababu ya kifua chako.

Sasa inua macho umwangalie Mama. Mwambie kwa mdomo wako kwamba unataka paa lake litoke ili aonekane maskini. Ukiweza kusema hivyo, panda ngazi.

Mama, nisalimie shangazi anayekupelekea maji, mwambie dawa ya miguu nimeituma kwa Mama Faith. Msalimie katekista aliyekuombea macho. Fundi mwenye ngazi mpe salamu nyingi, na Protus ndiye atakayezipeleka leo hii, pamoja na ngazi yake.

Ni mimi binti yako anayekupenda,
Gaudensia