Kitambaa cha Mama

Meru, Jumamosi usiku

Na mimi miaka yote nikiwaambia wasusi wa binti yangu Nkatha, "Hizo ni nywele za kizungu, baba yake ni Mholanzi." Wengine walizichoma kwa draya hadi zikanyooka kama mkonge, wengine wakakataa kuzigusa. Juzi Nkatha aliniletea makasi, akaniomba nimnyoe kama wavulana wa darasa lake. Sikulala.

Leo tumeenda kwa Kagendo, msusi mpya karibu na soko. Mama alishuka kutoka Timau kutusindikiza. Mtoto amepewa jina la Mama, basi jambo la mtoto halimpiti. Kagendo hakuwasha mashine yoyote. Alilowesha nywele, akapaka mafuta, akazitenganisha kwa vidole kuanzia nchani. Nkatha, ambaye akiona kitana tu hulia, alinyamaza.

Zikaanza kukauka. Zikajikunja zenyewe, kila moja kama springi ya kalamu.

"Shosho, huyu ametoa wapi nywele nzuri hivi?" Kagendo akamuuliza Mama.

Mama akafungua kitambaa chake cha kichwa. Mbele za watu! Mimi mwanawe sijawahi kuona kichwa chake wazi, maana hata kulala hulala nacho. Akainama, akamwonyesha mtoto kisogo. Ni mvi tupu, lakini springi zilezile. Zangu ni za upande wa baba, ningejuaje?

Nkatha akavuta moja, akaiachilia, ikaruka kurudi mahali pake.

"Shosho, kumbe una nywele zangu!"

Sasa amelala, kitambaa amejifunga yeye. Mama amerudi Timau kichwa wazi.