Hatua Arobaini Mpaka Garini

Pruitt Creek, Oklahoma
3 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Sisi huku wazima, ila usingizi umenipaa.

Ijumaa ya tarehe 14 Anko Leland anaachishwa kazi. Barua yake nimeichapa mimi. Amegombana na msimamizi mara tatu, na mara ya mwisho alimkaba shingo. Tangu mkewe Verna afariki, si yule uliyeranda naye mbao miaka ishirini hapa kiwandani.

Kinachonitisha ni bastola iliyo garini mwake, pale maegesho. Kila mtu anajua ipo. Nilimwomba mkuu wangu aizuie, akacheka. "Sheria ya jimbo inamruhusu, mradi imefungiwa garini. Nikimgusa kwa hilo, ananishtaki na anashinda." Nikauliza, na siku ya kumfukuza je? Akasema mlinzi atamsindikiza mpaka mlangoni. Mlangoni, baba! Kutoka hapo mpaka garini kwake ni hatua arobaini. Nimezihesabu.

Sikutakiwa kumwambia mtu.

Mwanao,
Darlene


Fort Smith, Arkansas
7 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Goti ni lile lile, lakini nakula na kulala.

Sheria hiyo niliitetea mimi mwenyewe. Nilisimama mkutanoni huko kwenu nikasema gari la mtu ni nyumba yake, Leland akapiga makofi kuliko wote. Bado naamini hivyo. Lakini siku zile Verna alikuwa akimngoja nyumbani.

Usimwambie neno, utafukuzwa na wewe. Nitakuja. Siku hiyo kaa mbali na dirisha.

Baba yako


Fort Smith
16 Machi

Darlene mwanangu,

Hujambo? Umelala? Najua ulichungulia dirishani, ukaona, ila hukusikia. Basi nikueleze.

Niliegemea mlango wa gari lake tangu saa nane. Akaja na boksi la vitu vyake.

"Hollis, toka hapo."

"Sitoki."

"Nataka kitu changu."

"Kitu gani?"

"Nitakusukuma, mzee."

"Nisukume basi, bwege wewe. Mguu wangu mmoja haufanyi kazi, nitaanguka bila kukusumbua."

Alikaribia kucheka. Halafu akaliweka boksi juu ya boneti, akainamisha uso wake hapo hapo, mabega yakatikisika. Akanipa funguo. Bastola nikaichukua.

Jana akaja hapa kwangu kuidai. Amenyoa ndevu, shati limepigwa pasi. Nikamwambia ukweli, nimeitupa mtoni. "Basi wewe ni mwizi," akasema, taratibu kabisa. Afadhali angenitukana. Upole ule umenitia baridi.

Baba yako


19 Machi, saa tatu na dakika kumi asubuhi. Ujumbe wa simu

Baba, nisamehe sina salamu. Simu yako inaita tu, hupokei. Anko Leland amenunua bastola nyingine. Jana aliegesha ng'ambo ya lango la kiwanda kutwa nzima. Polisi walikuja, wakamwona nayo, wakasema ni yake halali, barabara ni ya umma, hajamtishia mtu. Leo ameniita pale langoni. Mkono mmoja ndani ya koti, hakuutoa hata mara moja. Akaniuliza, "Nani alimwambia Hollis aje?" Nikasema mimi. Akanitazama weee. Kisha: "Hollis yuko nyumbani leo?" Ameondoka, ameshika barabara ya kuja kwako. Funga milango, baba. Ana mkono kotini. Niko njiani.

Darlene


Fort Smith
2 Aprili

Binti yangu,

Sijambo mwilini. Najua umekuja mara mbili sikukufungulia. Naandika kwa sababu kusema siwezi.

Ujumbe wako niliusoma. Nikatoa bunduki kabatini, nikakaa barazani. Gari lake likaingia uani saa nne na kitu. Akashuka, mkono umo kotini kama ulivyosema. Nikamwambia, "Leland, ishia hapo." Akazidi kuja. Nikamwambia, "Toa mkono nje, nione." Akasema, "Hollis, acha upuuzi," akaanza kuutoa.

Nikampiga moja.

Kotini mlikuwa na chupa ya wiski, haijafunguliwa. Mfuko wa pili, vikombe viwili vya karatasi. Bastola yake polisi waliikuta garini, imefungiwa vizuri kwenye kisanduku, funguo mfukoni mwa suruali.

Wameniuliza maswali siku tatu. Nikasema nilivyoona na nilivyosoma. Jina lako nililitaja, sikuwa na namna. Jana sherifu amekuja mwenyewe, kofia mkononi. Akasema ilikuwa baraza yangu, nilimwonya mara mbili, sheria iko upande wangu, kesi hakuna. Akanipa mkono. Nikaupokea, mwanangu. Sikujua la kufanya, nikaupokea.

Hukukosea kunionya. Nimeliandika hilo mara nne katika karatasi nilizochana, na leo naliacha libaki.

Mazishi ni Jumamosi, huko kwenu, kando ya Verna. Nenda wewe. Kaa nyuma. Wakikuuliza baba yako yuko wapi, waambie yuko nyumbani.

Baba yako