Zamu ya Mji

Bungoma,
Jumapili mchana.

Dada yangu mpendwa Wangui,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu. Natumaini wenzako wapya wa Nakuru wamekupokea vizuri na kwamba baridi ya asubuhi huko haijakurudishia kile kikohozi. Mimi sijambo, ila macho yanauma kwa kusahihisha mitihani ya kidato cha nne. Mama naye hajambo. Anakula, anatembea na mkongojo wake, na juzi alimpigia mchungaji simu kumwambia kwamba mahubiri marefu ni dhambi kwa mtu aliyekaa kwenye kiti kigumu.

Najua unachosubiri katika barua hii. Kabla hujaondoka Kitale uliniuliza kama nitamchukua mama nikae naye, ili uweze kuwaambia wale wa hospitali ya Nakuru waliokupa kazi, kabla mwezi haujaisha, kwamba utabaki kwao. Uliniuliza mara moja tu, bila kupandisha sauti, nami nikasema nitafikiri. Nimefikiri. Jibu langu limepita njia ya mbali, kwa hivyo nakuomba usome yote kabla ya kushika simu.

Unamkumbuka Sifuna, mwalimu wa hesabu hapa shuleni, anayebuni michezo ya mezani. Ulicheka uliposikia kwamba watu wazima wanakaa Jumamosi nzima wakisukuma vipande vya kadibodi juu ya ramani. Mchezo wake mpya unahusu Addis Ababa mwaka wa 1941. Waitaliano walikuwa wameukalia mji huo kwa miaka mitano, na majeshi ya Waingereza, pamoja na askari wetu wa Keya, Waafrika wa jeshi la mkoloni, yakaenda kuukomboa. Mimi nikapewa kazi ya utafiti: nani alipita njia gani, madaraja gani yalivunjwa, nani aliingia mjini kwanza. Sifuna aliniambia ati mimi nilete ukweli, yeye atautilia dadu.

Nilichokikuta vitabuni hakikumfurahisha. Vita vilipiganwa njiani, kwenye mito na milima. Mjini kwenyewe hapakuwa na mapigano ya kutajika. Jeshi la Italia liliondoka kuelekea milimani, likaacha nyuma polisi wake na maelfu ya raia wake, wakiwemo wanawake na watoto. Waliokuja kuukomboa mji wakajikuta wakizilinda familia za waliouteka, kwa hofu kwamba wenyeji wangelipiza kisasi cha miaka yote ile. Sifuna akashika kichwa. Akasema ati sasa huo ni mchezo gani, bana, mtu anunue boksi, afungue, akute askari wamesimama getini kama mabawabu wa benki.

Hata hivyo tuliujaribu. Hakuna aliyetaka kuwa Mwitaliano, kwa hivyo nikawa mimi, na nikagundua jambo ambalo sikulitafuta. Kila nilipouachia mji mapema, nilishinda. Mpinzani wangu alilazimika kuacha vikosi vyake humo, avigawe kulisha watu na kulinda milango, na jeshi langu likawa limeshafika milimani likipumzika. Ivy, mpwa wa Sifuna, ambaye ndiye aliyechora ramani, akaniambia ati Madam, si wewe unashinda kwa kutoroka. Walicheka wote, na mimi nikacheka nao. Lakini nililibeba neno hilo hadi nyumbani, kwa sababu nilijua ni nani mwingine angekuwa na haki ya kuniambia hivyo.

Wiki iliyofuata Sifuna alinipeleka Webuye kwa shangazi wa mkewe, Rispah Nakhungu, ambaye marehemu baba yake alikuwa Keya na alifika Addis Ababa. Yeye mwenyewe sasa ni bibi. Kila mtu pale humwita kukhu, yaani nyanya. Aliposikia kwamba mimi ni wa akina Kimotho wa Kitale, akaniuliza, kwa ule mzaha wao juu yetu Wakikuyu na ardhi, kama nimekuja kutafuta hadithi au shamba. Sifuna aliinamisha uso kwa aibu. Mimi nikamjibu kwamba shamba tunalo, ila tulilikimbia. Akaacha mzaha, akaamuru niongezwe chai.

Alisema kwamba baba yake hakupenda kuambiwa kuwa alikomboa mji. Akisikia hivyo alikuwa akisema hapana, sisi tulilinda tu. Aliwekwa kwenye mlango wa nyumba moja ambamo walikuwa wamekusanywa watoto wa Kiitaliano na mama zao. Kila asubuhi alikuja mwanamke mmoja Mhabeshi akasimama mbele yake, akaongea, akaonyesha ndani kwa kidole. Amri ilikuwa hakuna mwenyeji anayeingia, kwa hivyo baba yake Rispah alimzuia. Aliamini kwamba amekuja kulipiza kisasi. Mpaka siku moja akapatikana mtu wa kutafsiri, ikajulikana kwamba ile nyumba ilikuwa ya mwanamke huyo tangu kabla ya Waitaliano, na kwamba alichotaka ni jiwe lake la kusagia. Hakutaka kumgusa mtu. Alitaka jiwe, basi. Na alipoulizwa mbona hakusema, akajibu kwamba amesema kila siku.

Hata kwenye ramani ya Ivy, mji ule ulikuwa umegawanywa vizuri kwa rangi: stesheni, redio, barabara kuu, ikulu. Kila sehemu ilikuwa na thamani yake kwa anayeushika mji. Hapakuwa na mahali popote ambapo mji wenyewe ungeweza kusema unataka nini. Jumamosi iliyofuata nikawaambia wenzangu kwamba mchezo huu unahitaji zamu ya tatu. Waitaliano wana zamu yao, wakombozi wana yao. Basi na mji upewe yake, kabla mtu yeyote hajaweka mlinzi mlangoni.

Sifuna akakataa. Akasema ati mji hauna mikono, utarusha dadu na nini. Nikamwambia nitaurushia mimi. Akasema basi tuutafutie mji kiti kabisa, na soda. Tulibishana mpaka Ivy akatukata kauli kwa mkasi: alikata kadi za mji, mimi nikaziandika kutokana na nilichosoma na nilichosikia. Kadi moja inaomba mahindi. Nyingine inaomba wafungwa wafunguliwe. Nyingine inaomba tu watu warudi nyumbani kwao. Tulipocheza tena, wakombozi waliosoma kadi kwanza walihitaji walinzi wachache sana. Sifuna alishindwa, akanuna, akasema ati hivi sasa hii si vita, ni baraza la chifu. Lakini kadi hakuzitoa.

Wangui, sasa nifike kwa mama.

Tangu mwaka uanze, mimi na wewe tumezungumza juu yake kwa simu kama maafisa wawili wanaopokezana mji. Wewe ulisema ni zamu yangu. Mimi nilisema nina watahiniwa. Wewe ulisema umeosha, umelisha, umekesha tangu kiharusi kilipomshika, na ulisema kweli. Katika maneno yote hayo, mazuri na mabaya, sikumbuki mmoja wetu akisema kwamba amemuuliza mama Gladwell mwenyewe. Kwa hivyo nilipokwenda Kitale kukaa naye ulipoondoka kwenda Nakuru, nilimuuliza. Nilimweleza mambo ya hospitali na mambo ya nyumba yangu ya kupanga hapa Bungoma, kisha nikamuuliza anataka kukaa wapi.

Kwanza alicheka. Akasema alikuwa akijiuliza ni yupi kati yetu atakayekumbuka kwanza kwamba kiharusi hakikuchukua ulimi. Kisha akasema Saboti, kwenye shamba letu.

Najua umeshtuka, maana nami nilishtuka. Nilimkumbusha mwaka ule wa fujo, moshi, na jinsi tulivyoondoka na nguo tulizovaa. Akaniambia niache kumsimulia. Akasema hofu hiyo ni yetu, sisi tulikuwa watoto na tuliona moshi tu. Yeye alikuwa mtu mzima, na aliona ni nani waliochoma na ni nani waliotuficha. Cherono, anayelima shamba letu hadi leo, ndiye aliyetuficha. Hilo tunalijua. Tulilokuwa hatulijui ni kwamba yeye na mama huongea kwa simu kila Jumapili baada ya kanisa, na kwamba Cherono ameshakitia sakafu kile chumba cha mbele na kuondoa ngazi mlangoni. Mama ameyapanga haya muda mrefu. Alikuwa akisubiri tu kuulizwa.

Sasa niseme ambalo nimelizunguka kurasa hizi zote. Sikukusubiri. Alhamisi nilikodi pikap, tukapakia kitanda, mkongojo, dawa na redio, nikampeleka. Mama yuko Saboti wakati huu unaposoma. Ulipompigia Ijumaa ukauliza mbona unasikia ng'ombe, akakujibu kwamba ni redio. Alinipigia baadaye kujisifu. Amenikataza kukuambia kwa simu, kwa sababu ungepanda gari papo hapo kuja kumrudisha. Alitaka usome kwanza, ukasirike ukiwa umekaa.

Kasirika, dada. Una haki, nami sitajitetea. Lakini ujue nilifikiri kwamba nitabaki naye. Nilikuwa nimeomba ruhusa shuleni, nimefunga begi, tayari kwa zamu yangu hatimaye. Jioni ile ile alinirudisha Bungoma. Alisema Cherono analala chumba cha pili, kijana wa zahanati atapita kumpima presha, na mimi nina watoto wa watu wanaosubiri mtihani. Nililia njiani, na sikujua kama ni kwa furaha au kwa sababu sikuhitajika. Nadhani wewe utalijua hilo kuliko mimi. Nitakuwa nikienda kila Ijumaa jioni. Hilo amelikubali, kwa masharti.

Kwa hivyo hilo swali lako, kama nitamchukua mama, halina jibu tena, maana hakuna wa kuchukuliwa. Wajibu wale wa hospitali unavyotaka wewe. Ukitaka kubaki Nakuru, baki. Ukitaka kurudi Kitale, rudi kwa ajili yako. Krismasi anatutaka sote Saboti, na anataka aambiwe siku ya kufika mapema, kama mtu anayepokea wageni kwake.

Nisalimie wenzako wodini, na yule mama mwenye nyumba aliyekupa blanketi. Sifuna na Ivy wanakusalimu. Cherono pia anakusalimu sana. Amesema anakukumbuka ukiwa na meno mawili. Nilimuuliza mama kama niandike neno lolote kwako kwa niaba yake. Alifikiri, akasema nisiandike kitu, atakuandikia mwenyewe, mkono wa kulia bado ni wake.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Waithera