Sahani ya Adrisi

Kitendawili, rafiki yangu Madinah: kila Idi tunampakulia, hajawahi kula. Nani?

Kaka yangu Adrisi, unajua. Alitoka hapa Jinja, akapotea.

Leo mjukuu katuwekea kitabu cha kusikiliza kwenye simu, mauaji ya kweli kule Mbale. Mimi nachagua mchele, nasikiliza tu.

Msomaji akasema maiti mmoja hakutambuliwa. Kofia yake ilidariziwa samaki wawili wa kijani.

Samaki wawili, Madinah! Niliwadarizi mimi!

Mjukuu akacheka, "Bibi, unaogopa hadithi?"

Mama yuko mkekani, kasikia yote. Miaka yote namuuliza, "Mama, tumsomee Adrisi dua ya marehemu?" Yeye anaosha ile sahani ya Adrisi tu.

Leo sikumuuliza. Akasema mwenyewe, "Fatumah, mwite shehe."