Godoro Lililokatwa

Mpwa wangu Shabani,

Sikuandikii ili nikulilie. Mama yako analia kwa ajili yetu sote. Nakuandikia kwa sababu nina hasira, na hapa Mgeta kila ninayemweleza ananiambia nipunguze sauti.

Siku walipokuleta, nilikata ufito nikakupima mwenyewe, ili wachimbaji wajue urefu wa mwanandani. Sikutaka mtu mwingine aifanye kazi hiyo. Ulikuwa mrefu tangu nilipokufundisha darasa la nne, nikawa nakuketisha nyuma ili wenzako waone ubao. Nilipotoka uani na ufito mkononi, nilimkuta Juma, mwenzako wa kwenye tagi, ile boti ya kuvuta meli, akishusha begi lako na godoro lako kutoka garini. Sijui ni nini kilichonifanya niulaze ufito ule juu ya godoro. Ufito ulizidi kwa urefu wa mkono wangu, kuanzia kiwiko hadi ncha za vidole.

"Limekatwa, Mwalimu," Juma alisema. "Bila kulikata haliingii kitandani."

Shabani, kaburi tulikupimia. Kitanda hakuna aliyekupimia.

Ulipokuja likizo ulikuwa ukitandika mkeka sebuleni na kujinyoosha kutoka pembe hadi pembe, watu wakikuruka. Mama yako alikuuliza, "Wewe umekuja kutusalimia au umekuja kunyooka?" Ukamjibu, "Yote mawili, mama." Tukacheka. Tulidhani ni utani!

Juma ndiye aliyenieleza mengine. Mnavuta meli kubwa kuziingiza bandarini, meli zenye thamani ambayo sitaki hata kuifikiria, kisha mnashuka kulala katika chumba kilichobanana na injini. Kitanda kimoja, watu wawili kwa zamu, kwa hiyo godoro halikuwahi kupoa. Tundu la hewa lilikuwa likiingiza maji ya mvua. Mlipolalamika, hawakulitengeneza, waliliziba kwa bati na kulikaza kwa nati. Moshi wa jenereta ulipoanza kuvuja humo ndani, haukuwa na pa kutokea. Ulitoka zamu, ukalala. Juma alipokuja kukuamsha, hukuamka.

Mwenye chombo hakuja mazikoni. Siku ya arobaini alimtuma msimamizi wake, kijana nadhifu, mwenye shikamoo kwa kila mzee. Alikaa na baba yako, wakakubaliana kwamba ni kazi ya Mungu, wakapeana mikono. Akadhani amemaliza. Hakuna aliyemwambia kwamba kwa Waluguru mtoto ana mjomba, na neno la mwisho ni la mjomba.

Alipokuwa akiaga ndipo akasema, "Na lile godoro ni mali ya kampuni. Tutaondoka nalo."

Nikasimama.

"Hicho chumba alimofia mpwa wangu, kina viwango gani?"

"Boti ilikaguliwa, Mwalimu. Maboya yapo, vizima moto vipo."

"Nimekuuliza chumba cha kulala."

"Nacho kiko kwenye viwango."

"Vizuri. Lala."

"Mzee wangu..."

"Lala, nikione hicho kiwango."

Shangazi yako alikwisha kulitandika godoro barazani. "Vua viatu, baba," alimwambia, "usije ukatuchafulia kiwango!"

Akalala. Ni mtu mfupi, Shabani, kichwa chake hakifiki begani kwako. Hata hivyo visigino vyake vilikuwa juu ya sementi. Watu waliokuwa wakicheka waliacha. Mama yako aliviangalia visigino vile, akaingia ndani.

Godoro halikuondoka. Lakini sasa ndugu wananijia mmoja mmoja. Wanasema nilirudishe, halitakufufua, na kwamba mzee wa ukoo hagombanii sponji. Nawasikiliza. Sikubaliani nao hata kidogo. Wanasema yaliyopita yamepita, wakati hayajapita. Juma alinipigia simu juzi. Kitanda chako wamekiwekea godoro jipya, limekatwa vilevile, na anayelala hapo ni yeye. Bati bado liko tunduni.

"Mwalimu, ukiniita niseme, nitasema," aliniambia. "Ila watanifukuza."

Nilimwambia afadhali afukuzwe akiwa hai. Nilimwambia vilevile, mpaka niwaone wakaguzi, alale juu, sitahani, hata mvua ikinyesha.

Kesho lori la kabeji linashuka Dar es Salaam. Dereva amenipa nafasi mbele, na godoro litakaa juu ya mzigo, limefungwa pamoja na ule ufito. Ufito nilipaswa kuuacha makaburini. Sikuuacha. Nitakwenda hadi ofisi inayokagua vyombo, nivilaze vitu hivyo viwili sakafuni, kimoja kando ya kingine. Sitaomba rambirambi. Nitawataka washuke wao wenyewe katika chumba kile, wafunge mlango, injini ikiwa inaunguruma, walale. Nakuahidi kwamba sitapanda tena milima hii kabla bati lile halijang'olewa.

Kwaheri, mwanangu. Hapo tulipokulaza niliingia mwenyewe kuhakikisha nafasi inatosha.

Nyooka.

Mjomba wako